Kituo cha methadone kije kwenye kata yetu

Najua majirani zangu wengi hawatalipenda hili, lakini nalisema. Sisi tunaoishi pembezoni mwa Dar es Salaam, tunaolalamika kila siku kuhusu mateja na wizi, ndio tunaopaswa kuwa wa kwanza kudai kituo cha methadone, dawa ya kumtibu teja wa heroini, kwenye kata yetu. Kisiishie hospitali kubwa kama Muhimbili, Mwananyamala na Temeke. Kije huku tunakolala na kuibiwa.

Malalamiko yenyewe ni ya haki. Watu wa huku walihama mjini kutafuta utulivu. Mtu amenunua kiwanja Goba, Kinyerezi au Madale kwa mkopo wa miaka, amejenga kidogo kidogo, amehamia nyumba haijapigwa hata plasta kwa sababu kodi ya nyumba mjini ilimchosha. Leo anaamka alfajiri kwa sauti ya maji yanayomwagika uani: koki imekatwa. Kesho ni mita ya maji. Keshokutwa mwenye bajaji anakuta betri haipo, na mwenye kuku anahesabu kuku waliobaki. Sufuria likiachwa nje limekwenda, na nguo za mtoto zinaanuliwa na mtu asiye na mtoto. Mama ntilie wa kona ya kwetu alikuwa anauza chakula hadi saa nne usiku, siku hizi saa moja na nusu ameshafunga kwa sababu pesa ya mauzo iliporwa mbele ya wateja. Anayewaambia watu hawa kwamba wanatia chumvi hajawahi kuishi huku.

Tumefanya nini? Tumeongeza ukuta, tumeweka seng'enge juu ya ukuta, tumechangishana pesa za walinzi wa usiku. Kwenye mkutano wa mtaa hoja ni zilezile: ulinzi shirikishi uimarishwe, polisi kata aonekane, taa ziwekwe njiani, mateja waondolewe kwenye jumba bovu lile pale chini. Nakumbuka mkutano mmoja ambao kila aliyesimama alisema "waondolewe", na watu wakawa wanapiga makofi. Akasimama mama mmoja, mkazi wa siku nyingi, akasema: "Mwenyekiti, mmoja wa hao ni mwanangu. Mnaniambia nimfukuze nyumbani. Nikimfukuza atalala wapi kama si kwenye baraza zenu?" Hakuna aliyemjibu. Mwenyekiti akaita ajenda inayofuata, ya takataka.

Mimi nimeona swali la mama yule lilistahili kikao kizima. Waondolewe waende wapi? Wametoka humu humu. Wengi wao tunawajua kwa majina, tumesoma nao, wengine tumewabeba mgongoni. Tukiwafukuza kwetu wanahamia mtaa wa pili, na wa mtaa wa pili wanahamia kwetu.

Ili kuelewa kwa nini koki zinaibwa, lazima uelewe unga, yaani heroini, unavyomfanya mtu. Heroini haimkai mtu siku nzima. Baada ya saa chache inaanza kuisha mwilini, na arosto inaingia: makamasi yanachuruzika, miayo haikatiki, tumbo linakoroga, mifupa inauma, mtu anatetemeka kwa baridi kwenye jua la saa nane mchana. Aliyefika hapo hatafuti tena raha, anatafuta kupumua. Kwa hiyo anahitaji kete (kipakiti cha unga) asubuhi, kete mchana, kete usiku, Jumapili, Idi na Krismasi. Hana kazi, na hata angeipata asingeweza kusimama nayo saa nane mfululizo. Pesa ya kete tatu kila siku ataitoa wapi? Ataitoa uani kwangu na uani kwako.

Na koki haigeuki pesa yenyewe. Kuna mtu anainunua. Wanunuzi wa vyuma chakavu tunapita mbele ya mizani zao mchana kweupe. Wako waaminifu wengi wanaotafuta riziki yao, lakini wapo wanaopokea shaba, mita na mifuniko ya chemba bila kuuliza swali hata moja, na mtaa mzima unawafahamu. Sijawahi kusikia mkutano wa mtaa ukimtaka mmoja wao ajieleze. Hasira zetu zote zinamshukia yule mwembamba aliyebeba kiroba.

Na hasira hiyo inaua. Kila mkazi wa jiji hili ameshasikia kelele za "mwizi!" usiku na anajua kinachofuata: mawe, fimbo, wakati mwingine tairi. Kijana mwenye arosto hana mbio. Anakamatwa yeye, pusha aliyemuuzia asubuhi yuko kwake anakula chakula cha usiku. Mtu kufa kwa ajili ya koki ya shilingi elfu chache ni unyama, na wanaoufanya ni watu wanaosali.

Sasa methadone. Ni dawa ya maji, inanywewa mara moja kwa siku, na inakaa mwilini kwa zaidi ya saa ishirini na nne. Inazuia arosto bila kumlewesha mtu, dozi yake ikipangwa vizuri. Utaratibu wake kituoni hauna siri yoyote: unapanga foleni, unafika dirishani, unatambuliwa, muuguzi anakupimia dozi kwenye kikombe, unakunywa mbele yake, unashushia maji, unazungumza naye kidogo ili aone hujaibakiza mdomoni. Unaondoka. Hulipi. Hapo hapo kuna upimaji wa kifua kikuu na virusi vya Ukimwi, na mtu wa kuzungumza naye mambo ya nyumbani.

Ukiliangalia kwa jicho la mwenye nyumba aliyechoka kuibiwa, maana yake ni hii: mtu aliyekuwa anahitaji kete tatu kwa siku, dozi yake ikishakaa sawa hahitaji hata moja. Siku yake yote imerudi mikononi mwake. Hakuna ukuta wala mlinzi anayeweza kukufanyia kazi hiyo.

Tanzania hatuanzii sifuri. Kliniki ya kwanza ilifunguliwa Muhimbili Februari 2011, ikawa miongoni mwa za mwanzo kabisa za serikali katika Afrika kusini mwa Sahara. Ikafuata Mwananyamala, kisha Temeke, na baadaye huduma ikatoka nje ya jiji: Tanga, Mwanza, Mbeya, Dodoma, Bagamoyo. Kilichosukuma mambo ni Ukimwi. Unga mweupe wa kujidunga ulipoenea Dar mwishoni mwa miaka ya 1990, sindano zilianza kupita mkono kwa mkono, na tafiti za miaka iliyofuata zilikuta zaidi ya theluthi ya wanaojidunga jijini wana virusi. Madaktari wa Kitanzania waliliona hilo mapema na wakapigania dawa hii wakati watu wengi walikuwa bado wanasema mateja waachwe wafe.

Tatizo ni umbali. Dawa inanywewa kila siku, kwa hiyo anayeanza anasafiri kila siku. Jirani yangu mmoja ana kijana aliyeanza dozi kwenye hospitali moja mjini. Alikuwa anatoka saa kumi na moja alfajiri, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, saa nne yupo kwa fundi wa kuchomelea anashika mashine. Mtaa ulimwona akinenepa. Alianza kusalimia watu kwa macho ya kuwatazama, "shikamoo mzee", badala ya kupita akiwa ameinama. Kisha fundi akakosa kazi, nauli ikamshinda baba yake, kijana akakosa dozi siku kadhaa. Ukikosa hivyo hurudi tu ukaendelea na kipimo kilekile, inabidi uanze tena chini na kupanda pole pole, na wiki hizo za kupanda ni ngumu. Hakurudi dirishani. Alirudi kwenye jumba bovu. Sote tulisema "unaona, mateja hawaaminiki". Nauli haikutajwa na mtu.

Kwa wanawake ni vigumu zaidi. Wao wanaotumia unga wanajificha kuliko wanaume, wanaonekana wachache mno kwenye vituo hivi, na mwenye mtoto mgongoni hawezi kupigania nafasi kwenye daladala saa kumi na moja kila siku ya Mungu. Kituo cha kutembea kwa miguu kingewafikia.

Nimezisikia hoja za wanaopinga. Wa kwanza wanasema methadone ni unga wa serikali, unamtoa mtu kwenye uteja mmoja unamtia mwingine. Ni kweli kwamba dawa hii ni ya jamii moja na heroini, na ni kweli wengine watainywa miaka mingi. Mwenye kisukari naye atachoma insulini miaka mingi, na hatumwambii aache aonyeshe kuwa ni mwanaume. Wa pili wanasema kituo kitavuta mateja kutoka kila kona na bei ya viwanja itashuka. Mateja wapo tayari, ndugu zangu. Bei inashushwa na mnunuzi anayekuja kuangalia kiwanja akakuta sindano kwenye mtaro. Wanaokuja kituoni wanakuja asubuhi, wanakunywa, wanakwenda, na wanahesabiwa kwa majina. Hao wa jumba bovu nani anawahesabu?

Hoja ya tatu ina uzito na siwezi kuipita juu juu. Methadone inatibu uteja wa heroini na jamii yake tu. Haimsaidii kijana wa bangi wala anayevuta methamfetamini, ambayo nayo imeshaingia nchini. Na anayeinywa akiichanganya na pombe kali au valiamu, ile dawa ya kutuliza, anaweza kulala asiamke. Kwa hiyo kituo kisicho na wauguzi wa kutosha na usimamizi mkali ni hatari. Ndiyo maana nadai kituo kamili, chenye watu waliofundishwa, si chumba cha kugawia chupa.

Wapo watakaoniuliza kuhusu wauzaji. Wakamatwe, wafungwe. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini, Dar es Salaam na Iringa, na mimi nilifurahi kama kila mzazi. Heroini kwa miaka mingi imekuwa ikitoka Afghanistan, inapitia pwani ya Iran na Pakistan, inavuka bahari kwa majahazi hadi kwetu, na sehemu yake inabaki hapa, inagawanywa kuwa kete. Sheria ya mwaka 2015 ina kifungo cha maisha kwa wafanyabiashara wakubwa, na iendelee kuwapata. Hata sisi tuna la kufanya: nyumba zetu za pembezoni, zenye mageti makubwa na majirani wasiojuana, ni mahali pazuri pa kuhifadhi mzigo. Mwenye nyumba anayepokea kodi ya mwaka mzima kutoka kwa mtu asiyemjua jina la pili, tena bila kumpeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, ajiulize anampangisha nani.

Lakini mzigo ukikamatwa, arosto haikamatwi. Kete ikiadimika inapanda bei, na teja asiye na dawa anaiba zaidi ili aipate. Nguvu ya dola inafunga mlango mmoja, hospitali inabidi ifungue mwingine siku hiyohiyo. Vikienda pamoja ndipo pusha anakosa wateja.

Nyumba za soba, wanakokaa watu wanaoacha dawa za kulevya, zipo na zimewainua wengi, nawaheshimu wanaoziendesha, hasa kwa kuwa baadhi yao walipita humo humo. Ila familia inalipia kila mwezi, na familia ya mama yule wa mkutanoni haina cha kulipia.

Kuhusu fedha, tuseme ukweli. Kwa miaka mingi huduma hii ilibebwa kwa kiasi kikubwa na fedha za Marekani kupitia PEPFAR, mpango wao wa kupambana na Ukimwi, na Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje tulikumbushwa kwamba dawa ya mtoto wetu haiwezi kutegemea uchaguzi wa nchi nyingine. Halmashauri zetu zinakusanya ushuru, kodi za majengo tunalipa, vibali vya ujenzi tunalipa. Sisi wa mtaa mmoja tu tunachangishana walinzi kila mwezi na bado tunaibiwa. Sehemu ya nguvu hiyo ikielekezwa kwenye chumba kimoja cha zahanati, dirisha moja, wauguzi na mfamasia, tutakuwa tumenunua usalama wa kweli.

Ombi kama hili lina njia yake. Linaanzia mkutano wa mtaa, linakwenda kamati ya maendeleo ya kata, diwani analibeba hadi halmashauri, na Wizara ya Afya pamoja na ile Mamlaka ya dawa za kulevya ndizo zinazotoa idhini ya dawa yenyewe. Mwaka wa fedha unaanza Julai, lakini mipango ya kata huandaliwa miezi mingi kabla. Nataka barua iende kwa diwani ikiwa na saini za wenye nyumba, wenye maduka, imamu, mchungaji, waendesha bodaboda na wazazi wenye watoto walioko kwenye unga. Rasimu ninayo, na Jumamosi hii naanza kupita nayo nyumba kwa nyumba kuanzia upande wa juu wa mtaa.