Vinanda Vinne na Mama Mkwe

Mama mkwe anakuja Jumapili kutoka Pangani. Chumba atakacholala ndicho ambacho mimi nakiita studio, mke wangu anakiita stoo, na bintiyetu Zuhura anakiita "kule kwenye waya". Kitanda kipo, chandarua kipo. Tatizo ni wazee wanne wa Kijapani waliokaa mle ndani bila kodi: Yamaha DX7, Roland Juno-106, Korg M1, na mdogo wao, PSR ya Yamaha, yule mwenye spika zake mwilini.

"Baba Zuhura," akaniambia Mama Zuhura, na alipotaja jina langu taratibu hivyo nikajua kuna neno. "Vinanda vinne, maikrofoni sifuri. Hiyo ni studio ya kurekodi nini, vidole?"

Ukweli unauma ukisemewa jikoni, watoto wanasikia. Mwezi uliopita kikundi cha kaswida kilitoka Makorora, hapa hapa Tanga, kuja kurekodi kwangu. Wamevaa kanzu zimepigwa pasi, wamejipulizia udi. Nikawapanga mstari, halafu nikaning'iniza simu yangu kwenye kamba ya chandarua, nimeivisha soksi ili isishike upepo wa pumzi. Kiongozi wao akaitazama ile soksi, akanitazama mimi, akauliza kwa adabu kama imefuliwa.

Basi nikakaa nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya Luku. Kadi ya sauti ya kuunganisha na kompyuta, spika za studio jozi moja, maikrofoni ya kondensa. Kondensa peke yake ni pambo, maana inataka volti 48 zipite kwenye waya wake, na wa kuzitoa ni ile kadi. Jumla milioni moja na laki nane. Mfukoni nina elfu kumi na mbili na ufunguo wa baiskeli. Kwa hiyo lazima mzee mmoja auzwe, au wawili. Nani sasa?

Nikaanza na DX7, maana ndiye mzito, kilo 14 bila begi. Yeye alitoka kiwandani mwaka 1983, mimi nikazaliwa 1984, kwa hiyo kiheshima ni kaka yangu. Sauti zake hupatikana kwa wimbi moja kulitikisa wimbi jingine, na ile piano yake ya kumeta kama vijiko vya chai ndiyo iliyoliza wapenzi wa miaka ile dunia nzima. Lakini kumtengenezea sauti mpya ni kazi ya mtu asiye na familia. Kitelezi kimoja cha kusogeza kwa kidole, kioo kidogo kama cha kikokotoo, unabadilisha namba moja, halafu nyingine, na ukikosea inatoka kengele. Nimekaa naye miaka kumi na moja. Sauti niliyoitunga mwenyewe ni moja tu, inafanana na jenereta linaloishiwa mafuta.

Juzi nikamfungua nimbadilishe betri. Ile betri ndogo ya kutunza kumbukumbu, bapa kama sarafu, imechomelewa kwa risasi ndani huko, si ya kuchomoa kwa kucha. Nikaondoa kifuniko: mayai ya mjusi, matatu, meupe, yamelala vizuri pembeni ya bodi kama yaliwekwa kiwandani. Sasa najiuliza, ukimuuzia mtu hapo, unamwambia au unahesabu ni vifaa vya ziada?

Nikampiga picha, nikamtangaza. Simu ya kwanza ikaja ndani ya dakika kumi.

"Ina spika?"

"Haina, unachomeka kwenye amplifaya."

"Sasa inalia wapi?"

Nikaeleza, akanyamaza kidogo, akasema, "Elfu themanini, na uniletee mpaka Mombo." Mombo! Nauli yangu, nauli ya kilo 14, na mjusi.

Wa pili ni kijana wa mtaani kwetu anayetengeneza singeli. Huyu alikuja mwenyewe, shikamoo mjomba, marahaba, akakaa akapiga noti mbili tatu, akatabasamu. Nikajua kaingia. Kumbe anafungua kompyuta yake ya mgongoni. Akabonyeza, na ile piano ya vijiko vya chai ikatoka mle ndani, ile ile, mpaka kile kimtetemo cha mwisho.

"Hii hapa, mjomba. Ni programu, inaitwa Dexed. Inapokea hata sauti za hicho kinanda chako."

"Uliinunua shilingi ngapi?"

"Bure."

Akanisaidia kufunga dirisha kabla ya kuondoka, kwa huruma tu.

Juno sijamtangaza, nina aibu. Huyu wa 1984, pacha wangu kabisa, ana sauti sita, na moja imekufa. Anazigawa kwa zamu, kwa hiyo ukigonga noti ile ile mara sita, tano zinaimba na moja inakohoa. Kila mwenye Juno anaijua ndwele hii: chipu za sauti wamezipaka utomvu mgumu mweusi, na utomvu ukizeeka chipu nayo inaanza kuweweseka. Dawa yake ni kuzing'oa na kuziloweka kwenye asetoni mpaka utomvu ulainike ubanduke. Asetoni nitaitoa wapi usiku Ngamiani? Nikakumbuka kuna kichupa cha kufutia rangi ya kucha kwenye kabati la mke wangu. Nikaloweka chipu moja kwenye kikombe cha kahawa.

Asubuhi yake alikuwa na harusi Chumbageni. Amevaa dera jipya, mkono mmoja kucha nyekundu, mkono mwingine hana, anatafuta kichupa ili aanze upya. Hakupiga kelele. Laiti angepiga kelele. Alikwenda harusini vile vile, mkono mmoja ameuficha ndani ya mtandio toka saa nane mchana mpaka usiku, na aliporudi akaniuliza swali moja tu: "Mgonjwa wako amepona?"

Hajapona. Niliiloweka chipu ya jirani yake, iliyokuwa nzima.

M1 basi? Wa mwaka 1988, piano yake bado inasikika kwenye muziki wa kucheza mpaka leo. Lakini huyu alikuja mtumba moja kwa moja kutoka Japani, nyuma kaandikwa volti 100, na ukutani kwetu ni 230. Kwa hiyo haendi popote bila transfoma yake, dude zito la chuma linalonguruma, ambalo Mama Zuhura analiegeshea mlango upepo wa bahari ukizidi. Betri yake nayo ilikwisha, sauti zote zikafutika. Ukimwasha anawaka taa zote, mchangamfu, hakumbuki kitu. Kumuuza huyu ni sawa na kumuuza babu.

Nikaenda barazani kutafuta faraja, kahawa chungu na kashata. Nikakosea nikawaeleza. Mzee mmoja, fundi cherehani mstaafu, akaweka kikombe chini.

"Mji huu umetoa Atomic Jazz. Umetoa Black Star, umetoa Lucky Star, taarabu ya magitaa na besi, watu wanatunza mpaka viatu. Wale walikuwa na vyombo vingapi? Wewe una vinanda vinne. Umetoa nini?"

"Natafuta maikrofoni kwanza, mzee."

"Ahaa," akasema, na baraza zima likaitikia ahaa.

Sasa, mtaona sijamtaja PSR. Huyo simtaji mbele za watu. Ni kinanda cha nyumbani, plastiki, midundo imo tayari, unabonyeza ngoma inajipiga yenyewe na wewe unaweka vidole viwili vya mapambo. Fundi wa kweli hamuweki kwenye picha. Ila ndiye anayekwenda harusi, singo na sherehe za kumtoa mwali. Ada ya Zuhura ametoa yeye. Bati la jikoni ni yeye. Nikipita Barabara ya 13 na DX7 begani, watu wanadhani nabeba mlango. Nikipita na PSR wanauliza, leo shughuli kwa nani?

Na ndiye pekee aliyepata mnunuzi wa kweli. Ijumaa jioni bwana mmoja kafika kutoka Muheza, kanzu safi, amekuja na mwanawe wa miaka saba hivi. Nikamwonyesha Juno, akasema mashallah. Nikamwonyesha M1, akasema mashallah, na hili jiwe? Mtoto akaenda moja kwa moja kwa PSR, akabonyeza kitufe cha onyesho, wimbo ukaanza kujipiga. Ndani ya dakika moja watoto wa mtaa wote wako dirishani wanakata viuno. Bwana akatoa noti akaanza kuhesabu juu ya kitanda. Laki nne na nusu, taslimu.

Nilitoka jasho. Hiyo ni robo ya studio. Lakini kama nikimtoa PSR nitakuwa na studio isiyo na mtu wa kuilipia umeme. Nikamtazama Mama Zuhura pale mlangoni, nikijua atasema chukua hela.

"Huyo hauzwi," akasema. "Ana shughuli Jumamosi ijayo, na advansi tumeshaila."

Yule bwana akarudisha noti mfukoni polepole, kwa masikitiko. Akazungusha macho chumbani mara ya mwisho, yakatua kwenye stendi, ile ya chuma ya ghorofa tatu.

"Na hii?"

Elfu thelathini na tano. Aliifunga kwenye pikipiki na mipira, mtoto akakaa mbele, wakaenda zao.

Kwa hiyo hali ilivyo sasa, wazee watatu waliokuwa kwenye ghorofa zao wamelala kitandani, mmoja kichwa huku mmoja miguu kule, na mjusi wao. PSR kaegemea ukuta. Mama mkwe ameshapiga simu kusema basi analopanda ni la asubuhi. Zile elfu thelathini na tano nilizitoa siku ile ile kabla hazijapata kazi nyingine, nikanunua waya wa maikrofoni, mita tano, safi kabisa, wenye vichwa vya chuma.

Mama Zuhura ameufunga uani toka msumari mpaka msumari. Anasema haushiki kutu, na unabeba kanga sita.