Mpwa Wangu Ametokea kwenye TV. Sasa?

Usiku ule sebule ya dadangu, mtaa wa Langoni hapa Lamu, haikuwa na pa kuweka mguu. Watoto wa jirani wamejaa mpaka mlangoni, mama wa nyumba ya pili kaleta sinia la mahamri, na mimi nimekaa mkekani nikijifanya mtu mzima asiyejali. Tamthilia ikaanza. Matangazo. Ikaendelea. Matangazo tena. Halafu, ghafla, mpwa wangu akapita na sinia la kahawa, akasema, "Karibu bwana, njoo ukae," akatoweka. Vigelegele! Kilichoendelea kwenye kipindi hakuna aliyekisikia.

Sekunde nne, labda tano. Kwa hizo alishinda kwenye kushuti kule Shela, kijiji jirani, siku tatu, tangu alfajiri mpaka magharibi, na pesa yake ikaingia M-Pesa baada ya wiki sita na simu nyingi za "tunashughulikia".

Lililonichekesha ni hilo "njoo". Kijana ni Mwamu, mzaliwa wa Lamu. Kwake njia ni ndia, maji ni mai, na akimwita mtu husema "ndoo". Ndivyo alivyosema mara ya kwanza, na mwongozaji akakatiza palepale: watazamaji watadhani unaitisha ndoo ya maji, hebu rekebisha. Akarekebisha. Na hao ndio waliokuja wakisema wanatafuta lafudhi halisi ya pwani! Basi wakaipata, ile ya pwani inayojulikana Nairobi.

Sasa niseme langu, na najua kuna watakaonuna. Kwa kijana wa huku, nafasi ya kwanza si kitu. Huja yenyewe. Kamera zinaifuata Lamu kwa sababu ya nyumba za mawe, majahazi na punda, na tangu tamthilia ya Sultana ianze Citizen TV mwaka 2022 kila mtu ameona kwamba hadithi ya pwani ina watazamaji. Wakifika wanahitaji watu wa kupita nyuma ya mhusika mkuu. Uso unao, kanzu unayo, na nyumba yenu iko hapo karibu. Umepata. Ngoma ni nafasi ya pili, pale mtu anapokukumbuka akiwa ameshapanda ndege na kuondoka.

Mchukueni Barkhad Abdi. Mzaliwa wa Mogadishu, si mbali na sisi, akaishi Yemen, kisha Minneapolis kule Marekani, alikoendesha limuzini. Kwenye odisheni ya wazi walijitokeza watu kama 700, yeye akachaguliwa, na katika filamu ya Captain Phillips ya 2013 akasimama, akiwa haramia wa Kisomali, uso kwa uso na Tom Hanks. Hakuwa amewahi kuigiza. Alishinda BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza, akateuliwa kuwania Oscar. Hayo tunayasimulia sana barazani. Tusiyoyasimulia ni kwamba malipo yake yaliripotiwa kuwa dola 65,000, na kwamba kushuti kulipokwisha alirudi kuuza simu kwenye duka la ndugu yake. Filamu ya Eye in the Sky, alimoonekana tena, ilitoka 2015, na humo pia alikuwa Msomali. Kama mtu aliyekaa mezani na Tom Hanks alirudi dukani, mpwa wangu na sinia lake la kahawa atarudi wapi?

Usiku uleule wa Machi 2014 ambao Barkhad aliikosa Oscar, Lupita Nyong'o aliibeba yake. Sisi Wakenya tunapenda kusimulia habari ya Lupita kana kwamba ni embe lililodondoka lenyewe. Lakini filamu ya The Constant Gardener ilipokuwa inapigwa hapa nchini, ile iliyotoka 2005, yeye alikuwa mmoja wa wale wa kutumwa huku na kule kwenye seti. Leta hiki, muite yule. Mwaka 2009 aliigiza katika tamthilia ya Shuga, na mwaka huohuo akatoa filamu aliyoiongoza mwenyewe kuhusu Wakenya wenye ualbino. Ndipo akamaliza shule ya uigizaji ya Yale mwaka 2012. Hesabu mwenyewe, kutoka 2005 mpaka ile sanamu ya Oscar ni miaka tisa, na sehemu kubwa ya miaka hiyo hakuna aliyempigia vigelegele sebuleni.

Hapa mimi nina dhambi yangu. Siku ya pili ya kushuti pale Shela nilipita kumwona kijana. Vyombo vimeshushwa kwenye boti, punda wamevibeba, na binti mmoja wa timu yao anaita mtu wa kumshikia lile bati jeupe la kurudisha mwanga. Mpwa wangu akaanza kuinuka. Nikamvuta kanzu: "Kaa hapa, wewe ni mwigizaji, hubebi vitu." Akakaa. Akainuka kijana mwingine wa pale Shela, ambaye hata hakuwa na nafasi mbele ya kamera, akashika bati mpaka jioni, akaulizwa jina, akaombwa namba. Yule tangu hapo ameshaitwa Malindi mara mbili. Mara ya pili akapewa na maneno ya kusema.

Wenye kamera nao sitawaachia. Kumpa mtoto wa watu kile kipande chake cha video, ili awe na cha kuonyesha, ni kazi ya dakika ngapi? Tumekiomba tangu mwaka jana. Tulicho nacho ni video niliyoipiga kwa simu kutoka kwenye TV ya dadangu, ina vigelegele kuliko maneno.

Halafu kuna jiografia, ambayo haina huruma. Mwezi uliopita, Jumanne baada ya alasiri, ujumbe ukaingia: odisheni Nairobi, kesho saa nne asubuhi. Aliyeuandika nadhani hajawahi kupanda boti kwenda Mokowe, wala kulikosa basi la asubuhi, wala kuihesabu Witu, Garsen, Malindi, Mombasa, ndipo Nairobi yenyewe ianze kutajwa. Dadangu alitaka tumkopeshe tiketi ya ndege. Kijana akakataa, akaandika kuuliza kama anaweza kujirekodi. Wakakubali, mwisho saa sita usiku.

Tukapanda darini. Mimi nikashika simu, dadangu akashika taa ya kuchaji na shuka jeupe la kurudisha mwanga, maana siku hizi nyumbani kwetu kila mtu anashika kitu. Maneno yalikuwa ya nahodha anayemwita mwanawe. Akasema "njoo". Akanyamaza, akaniuliza, "Mjomba, nikiwatumia mbili, moja ya ndoo?" Nikamwambia tuma zote. Akasimama vizuri, akavuta pumzi, akafungua mdomo, na punda wa jirani akalia mpaka akamaliza. Tukaanza upya.