Kozi Juu ya Bomba la Moshi Si Cheti cha Usafi

Majira ya kutaga yakifika Ulaya, viwanda kadhaa hufunga kamera juu ya mabomba yao ya moshi na kumwonyesha kozi, ndege mwindaji, akilalia mayai. Video hizo zinatufikia hadi kwenye vikundi vya WhatsApp hapa Lubumbashi, Kongo, na hakosekani mtu wa kuandika: mnaona, kiwanda na mazingira vinaelewana. Hapo ndipo ninapogoma.

Ndege mwenyewe sina ugomvi naye. Kozi huyu (Falco peregrinus) ana ukoo wake Afrika, na baadhi ya ndugu zake wa kaskazini hushuka huku kwao kukiwa na baridi. Kiota hajengi. Ni ndege wa magenge ya miamba: jike hukwangua kijishimo kwenye changarawe kwa miguu na kifua, akataga mayai matatu au manne, basi. Anachotaka ni ukingo wa juu asikofika paka wala mtu, na nafasi wazi ya kumwona njiwa akipita chini, ili ajitupe kwa mbio zinazozidi kilomita 300 kwa saa. Bomba refu la kiwanda linampa hayo yote. London alihamia kwenye kituo cha umeme cha Battersea, kilichozimwa mwaka 1983. Brussels anatotoa tangu 2004 kwenye kanisa kuu la Watakatifu Mikaeli na Gudula. Kanisa au kiwanda, kwake ni genge tu. Hakuna aliyemuuliza habari ya moshi.

Tena angalia kilichotaka kummaliza. Ilikuwa DDT, dawa ya kuua wadudu. Ilianza kwa wadudu, ikaingia kwa ndege wadogo, ikajirundika ndani yake yeye anayewala, hadi maganda ya mayai yakawa membamba na kupasuka chini ya mama anayeyalalia. Kufikia katikati ya miaka ya 1960, huko Marekani, mashariki mwa mto Mississippi, hakukuwa na kozi anayetaga. Marekani ilipiga DDT marufuku mwaka 1972, vifaranga waliolelewa na watu wakaachiliwa, na mwaka 1999 kozi akatolewa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini. Miaka yote hiyo minara ilikuwa imesimama palepale. Sumu ilikuwa kwenye chakula.

Sasa turudi nyumbani. Bomba letu la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, lenye mita zaidi ya 150, limesimama pembeni ya ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba, na wageni wote hulipiga picha. Shaba ilianza kuyeyushwa hapo mwaka 1911, enzi za Union Minière, kampuni ya Wabelgiji. Upepo wetu hutoka zaidi kusini-mashariki, hivyo kilichotoka juu kwa miongo mingi kilitua kaskazini-magharibi. Nenda Penga-Penga, upande huo, ujionee. Miti ya miombo ilikwisha. Udongo uko uchi, mvua ya Januari inauchimba makorongo, na nyasi fupi zinazovumilia shaba zimeshika viraka hapa na pale. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kupanda huko nyasi iitwayo Microchloa kunthii ili ishike ardhi isiendelee kwenda na maji. Hiyo ndiyo habari ya bomba, na kamera inayotazama kiota haiwezi kuionyesha.

Mwaka 2009 watafiti wa chuo hichohicho na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu wa Katanga, eneo letu hili la migodi. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka kwenye migodi au viwanda vya kuyeyusha walikuwa na madini ya kobalti mengi mno, na watoto waliwazidi wakubwa. Kwa hiyo aliyekaa mahali pa kozi, kule mwisho wa mlolongo wa chakula, ni sisi. (Ninyi wa Kenya na Katuba, komini za humuhumu mjini, mtasema mnaishi mbali. Lenga-lenga, yaani mchicha, za sokoni hazina anwani.)

Ikitokea kampuni siku moja ikataka kupandisha sanduku la kiota kule juu, nitaiunga mkono. Sanduku na changarawe ni gharama ndogo, na watoto wetu wanastahili kumwona kozi akimpokonya mwenzake njiwa hewani. Ila pamoja na kamera, itoe vipimo vya udongo na vya mboga kila msimu, vibandikwe kwenye ukuta wa komini, kwa Kiswahili, kwa herufi ambazo mama muuza lenga-lenga anaweza kuzisoma akiwa amesimama.