Kitufe cha Lipa kifungwe kwenye amri

Ukikaa na waandishi wa programu za simu hapa Mombasa, haipiti muda bila bishano hili: kitufe ukiandikie Clicked, yaani msimbo unaoitwa kikibonyezwa, nyuma ya skrini yake, au ukifunge kwenye amri (command) iliyo ndani ya modeli ya skrini (ViewModel), darasa linaloshika data na kazi za skrini hiyo? Wanaotetea amri huja na hoja ya usafi, eti ndivyo unavyotaka MVVM, mpangilio wa kutenga sura ya skrini na kazi zake, ambao John Gossman wa Microsoft aliueleza mwaka 2005. Hoja hiyo hainigusi. Mteja wa Kongowea hatafungua msimbo wako akague usafi.

Mimi natetea amri kwa sababu ya pesa. Mama yuko kwenye foleni ya feri Likoni, anaagiza samaki kwa simu, mtandao unasuasua. Abonyeza Lipa. Kimya. Ombi la M-Pesa halijatokea. Unadhani atangoja? Abonyeza tena na tena. Kwa Clicked, kila mbonyezo huanzisha ombi jipya, isipokuwa umekumbuka kukizima kitufe mwenyewe na kukiwasha tena hata malipo yakigoma. Hilo la pili ndilo watu husahau.

ICommand, umbo la amri katika .NET, jukwaa la programu la Microsoft, ina Execute inayofanya kazi, na CanExecute inayojibu iwapo kazi yaruhusiwa kwa sasa. Katika MAUI, sehemu ya .NET ya kutengenezea programu za simu, kitufe kilichofungwa kwenye amri hujizima chenyewe CanExecute ikikataa. Ukitumia maktaba ya CommunityToolkit.Mvvm, unaandika kazi ya kulipa, LipaAsync, unaiwekea alama ya RelayCommand, unapata amri tayari, LipaCommand. Malipo yakiwa bado yanaendelea, kitufe hakibonyezeki. Yakiisha, kwa heri au kwa shari, kinarudi.

Lakini tusidanganyane: si kila amri ina kinga hiyo. Command ya kawaida ya MAUI ukiipa kazi ya async, yaani inayochukua muda bila kugandisha skrini, haingoji imalizike, kwa hiyo mbonyezo wa pili unapita vilevile. Na seva nayo lazima ikatae kulipisha oda moja mara mbili. Simu huzima chaji katikati ya malipo, na hapo amri yako haina la kufanya.

Kinachowakimbiza wengi warudi kwenye Clicked ni orodha. Unaweka kitufe cha Ondoa katika kila safu ya CollectionView, orodha ya MAUI, unabonyeza, hakuna kitu, wala programu haianguki. Kitufe kile kinaitafuta amri ndani ya bidhaa, kumbe amri iko kwenye modeli ya skrini. Kielekeze huko kwa RelativeSource, inayokiambia kitufe kitafute juu ya safu yake, kisha bidhaa uipitishe kwa CommandParameter ili amri ijue ya kuondoa. Inaudhi, nakubali, ila ukishaiandika safari moja unaihamisha tu.

Clicked yenyewe sijaitupa. Kitufe cha kurudisha orodha juu nakiandikia hiyo hiyo bila wasiwasi. Kikibonyezwa mara kumi hakuna anayekatwa shilingi.