Shahidi akisema "hapa", hakimu aandike nini?

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya mahakama Tanzania. Tulishangilia, na tulikuwa na kila sababu. Kabla ya hapo, ukiacha mahakama za mwanzo, shahidi alikuwa anajieleza kwa Kiswahili, hakimu anaandika kwa Kiingereza, kisha mfungwa anakata rufaa kwa mwenendo wa kesi asioweza kuusoma. Hilo limeondoka, angalau kisheria. Ila sisi tunaokaa mabenchi ya nyuma kuandika habari za kesi tunaona pengo jingine liko palepale, nalo halihusiani na Kiingereza hata kidogo. Ni pengo la mdomo na karatasi.

Tuchukue mama muuza mbogamboga aliyeporwa simu usiku. Mfano ni wangu, ila aliyewahi kukaa mahakamani ataitambua sauti hii:

"Sasa mheshimiwa, mi nimekaa zangu kibarazani, si akaja huyu? Akaja, akasimama kama hapa na pale. Ananiangalia tu. Nikamwambia, we kaka vipi? Kimya. Mara chap, simu hiyo! Huyoo, kakimbilia kuleee."

Kwenye jalada utakuta hivi: "Nilikuwa nimekaa kibarazani. Mshtakiwa alikuja na kusimama karibu nami. Nilimuuliza anataka nini, hakujibu. Alichukua simu yangu na kukimbia."

Hakuna uongo hapo. Hakimu ameandika kwa mkono, haraka, na ameandika Kiswahili safi. Lakini hebu tuhesabu kilichobaki nje. "Kama hapa na pale" ilisemwa na kidole kikitoka kizimbani kwenda kwenye meza ya karani, hatua tatu au nne hivi. Kwenye karatasi imekuwa "karibu", na karibu ya nani? "Si akaja huyu?" haikuwa swali, wala mama hakungoja jibu. Alikuwa anamnyooshea mtu kidole mbele ya mahakama, na sentensi nzima imebebwa na kidole hicho. Na "kuleee", jinsi ilivyovutwa, ni kipimo. Msemaji wa Kiswahili anajua kwamba "kule" fupi inaweza kuwa nyumba ya jirani, na ile ndefu ni mtaa mzima hadi barabarani. Herufi tatu za "e" si sanifu, kwa hiyo zinakatwa, na umbali unakwenda nazo.

Mtu atasema hayo ni mapambo. Katika kesi za jinai si mapambo. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Rufani katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980, ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho unahesabiwa kuwa dhaifu kuliko aina zote, na mahakama haitakiwi kuutegemea mpaka uwezekano wa kukosea uwe umeondolewa kabisa. Yanatazamwa mambo yaleyale: shahidi alikuwa umbali gani, alimwangalia mtu huyo kwa muda gani, mwanga ulikuwaje. Yaani, ukiacha mwanga, kila ambacho yule mama alikisema kwa kidole, kwa kuvuta sauti na kwa ile "ananiangalia tu". Majaji wa rufaa hawakuwepo. Wana karatasi inayosema "karibu nami". Mwizi anaweza kuachiwa hapo, na asiye mwizi anaweza kufungwa hapohapo.

Kuna na hili la maswali. Utaratibu wetu ni kwamba ushahidi kwa kawaida hauandikwi kwa mtindo wa swali na jibu. Unaandikwa kama simulizi. Wakili anauliza, "Kulikuwa na mwanga?" Shahidi: "Ee." "Wa taa?" "Wa taa, ndiyo." "Taa ya umeme?" "Mm." Jalada linasema: "Kulikuwa na mwanga wa taa ya umeme." Ukiisoma utadhani shahidi alijitokeza mwenyewe na maelezo kamili, kumbe alichosema ni "ee", "wa taa, ndiyo" na "mm", na maneno yenyewe yametoka kwa wakili. Hakimu ana uwezo wa kuandika swali na jibu pale anapoona inafaa. Kwa mazoea hutokea mara chache, na kwa anayeandika kwa kalamu siwezi kumlaumu sana.

Polisi ndiko mambo yanakoharibika mapema zaidi. Nenda katoe maelezo: utaongea kama unavyoongea, na karatasi utakayosomewa kabla ya kuweka sahihi au dole gumba itaanza, "Ninakumbuka mnamo tarehe fulani majira ya saa mbili usiku nikiwa nyumbani kwangu…" Nani duniani anazungumza hivyo? Miezi inapita, shahidi anasimama kizimbani na kusimulia kwa kinywa chake, na wakili wa utetezi anapata karamu yake: "Polisi ulisema 'majira ya saa mbili', leo unasema 'baada ya Isha'. Tukuamini lipi?" Watu wanaguna, shahidi anaonekana anajikanyaga. Anasutwa kwa sentensi ya askari.

Sisemi kwamba yote yaandikwe kama yalivyotoka mdomoni. Maongezi yakichapwa neno kwa neno yanachosha kusoma, na yanamfanya msemaji aonekane mjinga kuliko alivyo. Sisi wa magazeti tunalijua hilo vizuri, na tunalitumia vibaya. Mbunge akisema "tunaendaga" tunamsafishia, inakuwa "huwa tunakwenda". Mama lishe akisema hivyohivyo tunamwacha na "-ga" yake ili wasomaji wacheke. Halafu tunaandika makala kulalamika kwamba wananchi hawajui Kiswahili, kana kwamba mtu anayesimulia jambo kizimbani anafanya mtihani wa insha.

Mahakama imeanza kufunga mitambo inayonasa sauti na kuigeuza maandishi. Ni hatua nzuri, ila nina shaka na wanaodhani itamaliza tatizo. Mashine itaandika "akasimama kama hapa na pale" kwa uaminifu wote, bila kujua kidole kilielekea wapi. Hakimu makini anayeandika kwa kalamu "anaonyesha kutoka kizimbani hadi meza ya karani, takriban hatua nne" amefanya kazi ambayo mashine hiyo haijaiweza. Tena sheria inamruhusu kuandika jinsi alivyomwona shahidi, na Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba mwenendo wa shahidi kizimbani ni jambo analoweza kulipima yule aliyemwona tu.

Kwa hiyo ningependa mitambo ije na hakimu asiache kalamu. Pale ushahidi unapohusu kumtambua mtu, swali liandikwe na jibu liandikwe, hata kama jibu ni "mm". Ishara ya mkono iwekwe kwenye mabano kwa hatua au kwa mita. Na sauti yenyewe isifutwe hadi rufaa ya mwisho isikilizwe, wakili yeyote akiomba kuisikiliza apewe.