LPN peke yake zamu ya usiku: inatosha?

Katika makao mengi ya wazee Marekani, ikishafika saa tano usiku muuguzi mwenye cheo kikubwa kuliko wote jengoni ni LPN (Licensed Practical Nurse). Tukimlinganisha na wa kwetu, anakaribiana na muuguzi wa ngazi ya cheti: amesoma takribani mwaka mmoja, amefaulu mtihani wa taifa na amepewa leseni na jimbo. Texas na California humwita LVN. RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, ambaye cheo chake ni cha juu zaidi, amesoma miaka 2 hadi 4. Wakenya wengi walioingia uuguzi kule walianza kama CNA, wasaidizi wanaoogesha wazee, kuwalisha na kuwageuza kitandani, wakapanda hadi LPN, na baadhi wakaendelea hadi RN. Kwa hiyo ubishi kuhusu nani awepo usiku unagusa ajira za jamaa zetu moja kwa moja.

Sheria iliyopitishwa 1987 na kuanza kutumika 1990 inayataka makao yanayolipwa na Medicare (bima ya serikali ya wazee) na Medicaid (bima ya serikali ya wenye kipato kidogo) yawe na muuguzi mwenye leseni saa zote 24, na RN kwa angalau saa 8 mfululizo kila siku. LPN ana leseni, basi saa 16 zilizobaki anaruhusiwa kuzibeba yeye. Mwaka 2024 serikali ya Biden ilitaka kuubadilisha mpango huo: RN awepo saa 24, na kila mzee apate jumla ya saa 3.48 za uangalizi kwa siku, zikiwemo 0.55 za RN na 2.45 za CNA. Kanuni hizo hazikudumu. Mahakama ya shirikisho iliyoko Texas ilizibatilisha Aprili 2025, Bunge likazuia utekelezaji wake hadi 2034, na mwisho wa mwaka serikali ya Trump ikazifuta kabisa.

Piga hesabu uone kilichowakera LPN. Ukitoa sehemu ya RN na ya CNA, zinabaki saa 0.48, yaani dakika 29, ambazo yeyote kati ya wale watatu angeweza kuzijaza. LPN hakutengewa hata dakika moja ya lazima, ilhali kwenye makao haya ndiye anayesukuma kigari cha dawa, anachoma insulini, anafunga vidonda, anaangalia mirija ya chakula na ya mkojo, na kumpigia daktari simu. Mwenye makao ambaye fedha zake ni za kubana angeajiri RN na CNA ili atimize kanuni, kisha atafute pa kupunguza. Anayepunguzwa anajulikana.

Hata hivyo waliotaka RN usiku hawakuwa na chuki na mtu. Tafiti za miaka mingi zinaonyesha kwamba saa za RN zikiongezeka, vidonda vya kulalia hupungua na safari za kukimbizwa hospitali hupungua. Kwa saa za LPN matokeo hayatabiriki: huku yanaonekana, kule hayaonekani. Mimi naisoma tofauti hiyo kwa tahadhari, maana makao yanayotegemea sana LPN mara nyingi ndiyo yenye wazee wengi wanaolipiwa na Medicaid, ambayo malipo yake ni madogo. Umaskini wa jengo unaweza kuhesabiwa kama udhaifu wa muuguzi.

Lakini fikiria saa tisa usiku. Mama mwenye ugonjwa wa usahaulifu amekataa maji tangu jioni, anaongea maneno yasiyoeleweka kuliko kawaida yake, pumzi inakwenda mbio. Huenda ni maambukizi ya mkojo, ambayo kwa mzee wakati mwingine huambatana na kuchanganyikiwa. Katika majimbo mengi, kufanya tathmini kamili ya mgonjwa ni kazi ya RN. LPN anakusanya taarifa na kuripoti. Aripoti kwa nani, wakati jengo zima lenye wazee 30 au 40 liko mikononi mwake? Kwa vitendo anatathmini. Asipofanya hivyo mama anaweza kufa, na akikosea, leseni iliyo hatarini ni yake.

Wenye makao hujibu kwamba RN hawapatikani, hasa vijijini. Ni kweli kwa kiasi. Takwimu za serikali za 2024 zinaonyesha mshahara wa kati wa RN kuwa dola 93,600 kwa mwaka, wa LPN 62,340. Hospitali zinamvuta RN kwa mshahara mnono, na pengo hilo makao hayalizibi kwa kulalamika mahakamani. Hoja yao nyingine ina uzito zaidi: RN wa wakala, yaani wa kukodiwa kwa zamu, aliyefika leo hamjui mama huyo. LPN aliyemhudumia miaka mitatu anajua kwamba leo hayuko sawa, hata kabla ya kipimo chochote.

Ndiyo maana naona RN wa saa 24 ni dai la haki, ila kumwacha LPN nje ya hesabu lilikuwa kosa la waandishi wa kanuni. Wangemwekea kiwango chake, wakalazimisha makao kugharimia masomo ya LPN anayetaka kuwa RN, nusu ya upinzani ingeisha na uhaba ungeanza kupungua kutoka ndani.

Kwa sasa kinachotawala ni ile sheria ya 1987, pamoja na masharti ya majimbo yaliyojiwekea viwango vya juu zaidi. Ndugu zetu wanaouliza kama LPN bado inafaa: inafaa, ajira zipo tele. Ila kwenye usaili usiishie kuuliza mshahara. Uliza usiku utakuwa na wazee wangapi, ni RN gani anapokea simu, na anaishi umbali gani. Wakikujibu "tutaona", tafuta kwingine.