Baba Mdogo kwa Wakili

Ankara ya wakili imeingia leo asubuhi. Nimeisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Kati ya "kuandaa maombi ya usimamizi wa mirathi" na "kukagua cheti cha kifo" kuna mstari umejibanza, umeandikwa: "Kupokea maelezo ya familia." Maelezo ya familia! Maelezo hayo nayajua mimi. Yana koti, yana kofia, na jina lake ni Baba Mdogo.

Wenzangu mliowahi kuteuliwa wasimamizi wa mirathi, hamjambo? Ule uteuzi wenyewe ni heshima, sikatai. Kikao kizima kinakugeukia, wazee wanatikisa vichwa, "wewe ndiye uliyesoma", nawe unaitikia kwa unyenyekevu kama mtu aliyepewa uwaziri. Hakuna anayekunong'oneza kwamba wizara yenyewe ni ya kutoa nakala. Kila ofisi inataka cheti cha kifo kilichothibitishwa, na hakuna ofisi inayouamini muhuri wa ofisi nyingine. Jina la Mzee kwenye hati ya kiwanja limezidi herufi moja kuliko kwenye kitambulisho. Kwa herufi hiyo nimekula kiapo.

Basi, wakili. Huyu bwana analipwa kwa saa, na saa yake si hii yangu na yako. Imekatwa vipande 10, kila kimoja dakika 6. Ukiongea dakika 7 umekula viwili. Mimi nilijipanga: maswali kwenye karatasi, salamu nimeifupisha, hata chozi nimelimalizia nyumbani. Ila Baba Mdogo akasema mambo ya kaka yake hayaachiwi watoto, akavaa koti, akatangulia garini. Shangazi naye, kusikia hivyo, akajifunga mtandio.

Tukaketi. Wakili, kwa adabu za kazi yake, akasema, "Poleni sana kwa msiba. Hebu nielezeni kidogo kuhusu marehemu."

Kidogo!

Baba Mdogo akavua kofia, akaiweka juu ya jalada. "Kijana wangu, huwezi kumwelewa kaka yangu bila kuanza na babu yetu."

Nikatazama saa ya ukutani. Babu alikula vipande viwili, na hapo alikuwa bado hajaoa. Nikakohoa. Baba Mdogo akanisogezea maji, akaendelea. Alipofika Mzee ana miaka 7, yuko juu ya mti, tawi linaanza kulia, nikaona wakili ameinamisha kichwa anaandika. Anaandika nini? Kuna hakimu gani atakayeuliza marehemu alidondokaje? Nikasema kwa upole, "Baba Mdogo, wakili anahitaji majina ya warithi tu." Akanigeukia, macho yamelowa. "Mwanangu, udongo wa kaburi haujakauka, umeshaanza kuukimbilia urithi?"

Wakili akaandika na hilo.

Likaja swali la wosia. Mzee hakuacha, au tuseme haujaonekana. Hapo Shangazi akapata nafasi yake. Akasimulia habari za Aretha Franklin, yule mwimbaji wa Marekani aliyefariki 2018, watu wakaamini hakuacha wosia, mpaka karatasi alizoandika kwa mkono zikakutwa nyumbani kwake, nyingine ndani ya kochi. Mwaka 2023 ikaamuliwa mahakamani kwamba ile ya 2014, ya kwenye kochi, ni wosia halali. Ni habari ya kweli, hata wakili aliitikia. Matokeo yake ni kwamba nyumbani kochi letu sasa halina sponji. Ndani tumekuta peni.

Kipande kingine kikaenda kwenye madeni. Mrithi hagusi kijiko kabla wadai hawajalipwa, na msimamizi akigawa mali haraka haraka, deni likaja kuibuka, linaweza kumrudia mwenyewe. Tangu habari hiyo isambae, nimegundua kwamba watu wote waliomkopesha Mzee wana kumbukumbu za ajabu, siku na saa. Waliokopa kwake wamepatwa na usahaulifu wa pamoja.

"Kwani wewe uko upande wa nani?" Shangazi akamuuliza wakili. Akajibu, bila kupepesa, kwamba yeye ni wakili wa msimamizi, si wa kila mrithi. Wote wakanitazama mimi. Upande wangu, jamani! Na malipo yake, kwa kuwa ni gharama ya mirathi, yatatoka kwenye mali ya marehemu. Kwa hiyo Mzee, huko aliko, amelipia mwenyewe kusimuliwa alivyoanguka mtini.

Mimi nimechoka. Nilitaka tu nikae pembeni nimlilie baba yangu kama watu wengine. Kila nikianza, simu inaita: "Msimamizi, yale mapazia yanahesabiwa na nyumba au na vyombo?" Sijui! Yahesabiwe na mimi, tugawanywe pamoja!

Na bado orodha ya mali haijaenda mahakamani. Nimeandika kitanda, kabati, redio isiyosema. Nimekwama kwenye funguo. Mzee alikuwa na milango miwili na kifurushi cha funguo kinachohitaji mikono yote kukibeba. Za nini? Tumezijaribu kila mahali, hata kwa jirani. Moja tu ndiyo imeitikia, imefungua sanduku lililo chini ya kitanda cha Baba Mdogo, nyumbani kwake. Nikamuuliza kulikoni. Akavaa kofia, akasema ana haraka.